Betri Mbili za Daftari la Mzee

Jumatatu, 6 Oktoba

Muuguzi amenipima mara mbili, akaitazama mashine, akanitazama na mimi, akasema, "Mama Cindy, kwani wewe hukaagi chini?" Nikamwambia nakaa, saiba yangu ina viti sita. Hakucheka. Alisema presha imepanda, na kabla hajanianzishia dawa nijaribu mambo matatu: nipunguze chumvi, nitembee jioni, na niandike siku yangu kwenye kitabu kabla sijawamwagia watu. Chumvi nimepunguza. Kutembea Kitengela kwenye vumbi hili ni adhabu. Basi naandika.

Iwapo muuguzi atataka kusoma: mimi ni Jentrix, mke wa Nashon, mama wa Cindy aliye shule ya bweni. Nina saiba, duka la intaneti na kuchapisha, nyuma ya steji ya matatu, kompyuta tano, zote za Linux. Zamani kila mteja aliingia na flashi yenye virusi, nikachoka kuzika mashine. Siku niliyoweka mfumo huu huria, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, nililala. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kulala vizuri.

Mawingu upande wa Ngong. Mvua ya vuli ilitakiwa iwe inakaribia.

Jumanne, 7 Oktoba

Mawingu yameondoka. Nashon anauliza nimeandika nini juu yake. Bado.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo ameingia mama mmoja mrefu, shuka ya bluu, shanga shingoni, viatu vya akala miguuni, vumbi mpaka magotini. Akanisalimia, akakaa, akanyamaza. Mimi mtu akikaa dukani kwangu akanyamaza naanza kuwashwa. Nikamuuliza anataka kuchapisha au kuskani.

"Naitwa Soipan," akasema. "Natoka mbele ya Bisil. Niliambiwa kuna mama ako na kompyuta haiugui."

Akatoa mfuko wa ngozi. Ndani mlikuwa na kidude cha plastiki cheusi, saizi ya kiganja, na waya mnene uliofungwa kwa kitambaa. Ilinichukua muda kukitambua. Ni Palm, vile vidaftari vya umeme walivyobeba watu wa maofisi kabla simu hazijawa na akili. Mara ya mwisho kukiona kimoja nilikuwa chuoni, mkononi mwa mwalimu aliyejisikia sana. Kioo cha hiki kilikuwa kimepasuka, cheusi tititi. Ukiwasha kinalia pii, lakini huoni kitu, na ukigusa hakihisi.

"Ni daftari ya mzee," akasema. "Mzee alienda mwezi wa sita. Siku ya kumzika, ng'ombe ikaikanyaga."

Nimpe haki yake, alieleza vizuri, ni mimi niliyekuwa nikitazama saa. Mumewe alikuwa daktari wa mifugo wa kijijini, wale wanaofundishwa wiki chache na kupewa dawa na sindano. Miaka ishirini na zaidi iliyopita mradi mmoja wa mifugo uliwagawia hivi vidude waandike magonjwa. Mradi ulikufa, mzee akabaki na chake, akaandika humo kila kitu cha maisha yake. Kiangazi cha 2009 ng'ombe za watu ziliisha, za kwake zikapona, kwa sababu yeye na ndugu yake walichimba enchoro, kisima cha mkono, ndani ya mto mkavu mbali na nyumbani. Mvua iliporudi walikifunika kwa mawe na miiba ndama zisitumbukie. Ndugu yake alishakufa. Soipan mwenyewe alikuwa amebaki nyumbani na watoto, hakupaona.

"Mahali pa hiyo maji iko hapa ndani," akasema, akikigonga kwa kidole. "Kijana yangu Allan ako na ng'ombe huko chini. Visima zote tunajua zimekauka. Hii mvua ikikataa, ako na wiki nne. Pengine tano."

Mafundi watatu wa simu wamemcheka. Mimi sikucheka, ila nilimwambia hii ni takataka ya zamani na sitoi ahadi. Alinieleza pia habari za betri, ndefu, jinsi mzee alivyokuwa akizibadilisha na jinsi yeye amezibadilisha tangu Juni, lakini mteja wa mashine ya pili alikuwa amekwama kwenye fomu ya pasipoti, nikawa naitikia tu, ndio mama, ndio mama.

Aliondoka saa nane. Alikuwa amekaa muda wa saa tatu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jua. Nimesoma kuhusu hiki kidude. Waya wake unaishia kwa tundu la pini tisa ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Inahitajika adapta. Waya una kibandiko chakavu cha mradi na jina la Kajiado, nikasema angalau kiliwahi kuwa cha maana mahali.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwambia Nashon aniletee adapta kutoka mjini. Amesahau.

Jumanne, 14 Oktoba

Amesahau tena. Nimeandika hapa badala ya kumwambia. Muuguzi ana akili.

Jumatano, 15 Oktoba

Adapta imefika. Nimeichomeka, kompyuta ikaiona, halafu sekunde hiyohiyo ikaipoteza. Nikachomoa, nikachomeka. Inaiona, inaipoteza. Nimefanya hivyo kutwa nzima na mkono wangu mwingine ukiwachapishia watu. Ile programu ya kuongea na Palm nayo waliiondoa kwenye hazina ya programu miaka mingi iliyopita kwa sababu hakuna aliyeitumia. Itabidi niijenge mwenyewe.

Soipan amepiga simu. Anauliza kwanza hali yangu, ya Nashon, ya Cindy, ya kazi, ya nyumba, ndipo anauliza. Nikasema bado, nikakata.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya. Stima imepotea mara nne. Mausi isiyo na waya ya mashine namba tatu ilikufa mteja akiwa katikati ya fomu, dakika za mwisho, anatokwa jasho. Nikanyakua betri mbili zilizokuwa karibu, nikamwekea, tukaendelea. Vumbi limeingia hata kwenye printa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeliwekea daftari la mzee betri mpya. Isije ikasemekana nimeshindwa kwa sababu ya betri.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, watu wako nyumbani, nikafungua duka nikae peke yangu. Na nimempata mwizi. Ndani ya Linux kuna programu ya kuwasaidia wasioona, inayoungana na mashine zao za kusomea kwa vidole. Kila adapta ya aina hii ikichomekwa, programu hiyo inadhani ni mashine ya kipofu, inaikamata na kukaa nayo. Siku tano nimepigana na wema wa mtu. Nimeiondoa, na adapta ikatulia mahali pake bila neno.

Halafu nimeijenga ile programu ya zamani kutoka kwa msimbo wake. Ilinikatalia mara saba. Ya nane ikakubali. Nilisimama nikacheza katikati ya saiba, nashukuru hakuna aliyeniona.

Jumatano, 22 Oktoba

Mashine hizi mbili bado haziongei. Kumbe unatakiwa kuamuru kompyuta kwanza, ndipo ubonyeze kitufe kilicho kwenye waya, na usichelewe. Mimi nilikuwa nabonyeza kwanza. Tabia.

Soipan amekuja. Nikamuuliza jina la mzee, kwa kuwa programu inataka kujua mwenye kifaa. Akatazama mlangoni.

"Andika Baba Allan."

"Mama, nataka jina lake. La kitambulisho."

"Andika Baba Allan," akarudia, bado akitazama mlangoni.

Nimebaki nikijiuliza huyu mama anaficha nini. Labda kidude si chao. Amesema ng'ombe zimeanza kulala mchana na Allan anaziinua kwa mkia. Mawingu yalikuwepo asubuhi, yakaenda Machakos kunyesha huko.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nikisimama nitavunja kitu.

Saa tano asubuhi niliamuru kompyuta, nikabonyeza kitufe cha waya, na daftari likalia, si ile pii moja, bali mlio wa kupanda. Kwenye skrini yangu majina ya mafaili yakaanza kushuka moja moja. Anwani. Kalenda. Kumbukumbu. Wateja wawili walisimama nyuma yangu kutazama bila kujua wanatazama nini. Nikawaambia, hii ni mashine ya zaidi ya miaka ishirini inaongea na mashine ya mwaka huu. Nilikuwa na furaha ya kitoto.

Nikafungua kumbukumbu, yaani maandishi ya mwenye kifaa. Zilikuwa nne, zote za Kiingereza, zote za kiwandani: namna ya kuandika, namna ya kutunza chaji, karibu kwenye kifaa chako kipya. Anwani hakuna. Kalenda hakuna. Mwenye kifaa hakuna jina. Nikadhani nimekosea, nikanakili tena, na tena. Karibu kwenye kifaa chako kipya.

Nikaenda kusoma, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa mtu wa kukaa chini. Hiki kidude hakina mahali pa kudumu pa kuhifadhi. Kila kitu kiko kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Ukizitoa una kama dakika moja ya kuweka nyingine. Ikipita, kinarudi kuwa kitoto cha siku ile kilipotoka kiwandani.

Na nikazikumbuka betri za mausi. Zilikuwa karibu. Zilikuwa karibu kwa sababu nilikuwa nimefungua mgongo wa daftari la mzee niangalie namba yake, nikaziona, nikazichukua. Nilifikiri kimezimwa, betri za nini. Niliweka mpya siku ya pili. Siku nzima na usiku wake mzima kilikaa bila kitu tumboni.

Mama asiyejua kusoma amebadilisha betri hizo tangu Juni bila kupoteza neno moja. Mimi nina diploma ukutani, kwenye fremu. Nimekwenda kwa mashine namba tatu, nikafungua mausi, nikazitazama. Sijui nilitegemea kuona nini. Nimelia kule nyuma kwenye karatasi, nikarudi kuchapisha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Soipan amepiga. Sikushika.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani waliombea mvua. Sikuweza kusema amina. Nashon ananiuliza nina nini, nikamwambia presha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amepiga mara mbili. Nimegeuza simu kifudifudi.

Jumanne, 28 Oktoba

Upepo tu.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimejaribu programu za kufukua mafaili yaliyofutwa. Hakuna cha kufukua. Nilijua, lakini nilitaka mikono iwe na kazi. Amepiga mara moja. Nimehesabu: siku ishirini tangu aje mara ya kwanza. Alisema wiki nne.

Jumamosi, 1 Novemba

Amekuja mwenyewe.

Nilimwona akivuka barabara na nikafikiria kweli kufunga duka. Mimi, mtu mzima, nijifungie kwenye saiba yangu kama mtoto aliyevunja sufuria. Akaingia, akanisalimia, akauliza Nashon, akauliza Cindy. Halafu akatoa chupa ndogo ya soda yenye maziwa nusu.

"Ni ya mbuzi," akasema. "Ng'ombe hazina. Sikuweza kuja mkono mtupu."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Betri, mausi, siku nzima, kumbukumbu nne za kiwandani, simu nilizoziacha zilie. Sikupamba. Nikasema, "Mama, nimepoteza maji yenu, na nimekuficha wiki nzima."

Alikaa. Alilichukua daftari akalifuta vumbi kwa pembe ya shuka, polepole, kila upande. Mteja aliita akitaka karatasi, hakuna aliyemjibu.

"Nilikwambia," akasema mwisho.

"Uliniambia."

"Nilikwambia toa moja, weka moja. Usitoe mbili."

"Sikuwa nasikia, mama."

"Hapana, ulikuwa unasikia. Ulikuwa unaenda." Alisema bila hasira, na ingekuwa nafuu angekasirika. "Mzee alikuwa anasema watu wa Kitengela wanaenda hata wakikaa."

Akaanza kuufunga waya kwenye kitambaa chake. Sasa amekata tamaa, nikafikiri, ataondoka, na mimi nitabaki na hii chupa ya maziwa. Akauzungusha waya mara mbili, akasita.

"Na hii waya nitarudishia nani? Kila mwaka kabla ya Krismasi alikuwa anaenda nayo Kajiado, yeye na daftari. Alikuwa anasema naenda kuikamua."

"Kuikamua?"

"Eeh. Inajaa, anaenda anaikamua, inarudi."

Daftari likikamuliwa, nakala hubaki kwenye kompyuta fulani. Nilimshika mkono bila kufikiri. "Mama Allan, na hiyo maziwa ilikuwa inaenda wapi?"

Tukakitazama kile kibandiko wote wawili. Mali ya mradi, Kajiado. Chini yake, kwa kalamu iliyofifia: uliza Maweu. Waya huo nimeushika zaidi ya mara mia.

Jumapili, 2 Novemba

Ofisi zimefungwa. Nimefua kila kitu kilichofulika.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumekwenda Kajiado, mimi na Soipan. Maweu yupo. Mradi umekufa, wazungu wake wamekwenda zamani, jengo limepewa watu wengine, lakini Maweu amebaki na ufunguo wa stoo. Ni mzee mfupi wa Kikamba, sweta ya mikono mirefu kwenye jua la Kajiado, kalamu mbili mfukoni. Nilimweleza shida kwa sentensi tatu. Akanisikiliza, akasema, "Madam, mali ya mradi haifunguliwi bila barua. Uende uandike barua."

"Barua kwa nani, na mradi ulikufa?"

"Hata maiti iko na karatasi, madam."

Nilisikia damu ikipanda masikioni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Soipan alinigusa kiwiko, akapita mbele, akampa mkono, na wakaanza. Hali yake. Hali ya mkewe. Mbuzi zake za huko Sultan Hamud. Mvua imefika wapi kwa Wakamba. Naye Maweu akauliza, na Soipan akajibu, taratibu, nyumba moja moja, boma moja moja. Nilitazama saa. Ilipita robo saa. Halafu nikaona uso wa Maweu umebadilika.

"Wewe ni mama wa kwa ule mzee," akasema. "Yule aliyekataa kuandika namba."

Soipan akaitikia kwa kichwa.

"Alitusumbua huyo," Maweu akaniambia mimi sasa, kama mtu wa nyumbani. "Mradi unataka ng'ombe ngapi zimechanjwa. Yeye anaandika nyekundu ya kwa fulani, nyeupe ya mama yake ni ile ilivunjika pembe. Wakubwa wakapiga kelele. Akasema ng'ombe hazihesabiwi, mtu akihesabu anaziitia kifo. Mwisho mimi ndio nilikuwa nahesabu hayo majina, naweka namba." Akatoa ufunguo. "Na baada ya mradi kuisha alikuwa anakuja tu, nikamwachia mashine. Ningemfukuza niseme nini?"

Kompyuta ilikuwa nyuma ya viti vilivyovunjika, imefunikwa gunia, na ubavuni ina picha ya pengwini. Nikacheka. Kumbe hata wao walitumia Linux, mkubwa mmoja wa mradi alikuwa mkaidi kama mimi. Haikuwaka. Kitoa-umeme kilikuwa kimeungua. Lakini diski ni kitu kingine, nami nilikuwa nimebeba bisibisi na kifaa cha kuunganishia diski. Nikaitoa, nikaichomeka kwenye laptopu yangu, nikaondoa mikono yangu kwenye meza na kuiweka mapajani. Sikubonyeza kitu. Ilizunguka, ikakwaruza, ikanyamaza, ikazunguka. Ikafunguka.

Folda kumi na moja, kila moja na jina la mtu. Nikageuka kuuliza, "Mzee aliitwa nani?" na kabla sijamaliza Maweu alikuwa ameshachukua kipande cha karatasi. Akaandika, akanisukumia juu ya meza. Soipan alikuwa ametazama ukutani.

"Wamaasai hawatajagi jina ya mtu ameenda," Maweu akasema kwa sauti ya chini. "Si siri, madam. Ni heshima."

Nami nilikuwa nimemshuku kuwa mwizi, nikaandika hata humu. Nimeiacha sentensi ile, sikuifuta, ili niione.

Mara ya mwisho ya kukamua ilikuwa Desemba 2019. Kumbukumbu zilikuwa mia nne na kitu. Zote za Kimaasai. Mimi Mluhya, Maweu Mkamba, na Soipan hajasoma. Tulitazamana. Allan anasoma, lakini yuko na ng'ombe na simu yake ya batani.

"Wewe unajua herufi," Soipan akaniambia. "Mimi najua maneno."

Basi nikasoma. Nilitafuta za 2009, kuanzia Julai, nikasoma kwa sauti lugha nisiyoijua, silabi kwa silabi, kama Cindy alipokuwa darasa la kwanza. Nilipokwenda mbio hakuelewa hata neno. Akaniinulia kiganja: pole pole. Nikarudia. Kila kumbukumbu ilinichukua muda wa kupika chai. Nyingine alisikiliza akasema, "Hiyo ni ndama, endelea." Nyingine alicheka, hakunieleza. Moja alifunika uso kwa shuka na tukangoja, Maweu na mimi, bila kutazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe tangu Juni, na alimsikia kwa sauti yangu mbaya. Nilitaka kumwomba msamaha tena ila nikaona huo si wakati wangu.

Saa tisa hivi nikafika Septemba. Ilianza na neno nililokuwa nimeshalijua, enkare, maji. Nikasoma. Soipan akainama mbele.

"Rudia."

Nikarudia. Akaanza kusema kwa Kiswahili, nusu kwangu, nusu kwake mwenyewe. Mzee hakuandika kilomita, wala kaskazini, wala kusini. Aliandika kwamba Naibor, ile nyeupe, aligoma kutembea mahali mto unapinda mara mbili, akalala, na hapo wakamwacha. Kwamba kutoka alipolala Naibor, ukifuata ukuta wa mchanga mpaka mahali Naado mwekundu alizaa ule mwaka wa upepo, kuna mti wa oltepesi umeinama. Walichimba upande ule kivuli chake huanguka asubuhi. Maji yalikuwa kina cha wanaume watatu.

Ningeweza kuyapata yale maneno Oktoba, nikayatafsiri kwa mtambo wowote duniani, nisijue ni wapi. Soipan alijua Naado alizaa wapi, kwa sababu ule mwaka alikuwa na mimba ya Allan na yeye mwenyewe aliyabeba maji ya kumnywesha.

Alimpigia Allan pale pale. Aliongea Kimaasai, taratibu, na hata mwanawe alimuuliza kwanza hali. Maweu alinitengenezea chai kwa jiko la umeme lililo kinyume cha sheria za ofisi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimezirudisha kumbukumbu zote kwenye daftari la mzee kwa ule waya. Limelia ule mlio wa kupanda. Betri nimefunga kwa utepe na nimeandika juu yake: MOJA MOJA. Nakala nyingine nimeweka kwenye mashine zangu tano zote.

Jumatano, 5 Novemba

Kimya. Sikupiga.

Alhamisi, 6 Novemba

Soipan amepiga kwa ufupi. Allan na wenzake wameuona mti. Umekufa, lakini bado umeinama. Mawe yapo. Wanachimba.

Ijumaa, 7 Novemba

Muuguzi amenipima. Imeshuka kidogo. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimesoma kwa sauti.

Joto baya. Hakuna wingu hata moja kutoka hapa mpaka Isinya. Kila simu ikilia naipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na kila mara ni mtu anataka kuchapishiwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne asubuhi, watu wamejaa, printa imekwama, simu ikalia. Soipan. Nyuma yake upepo na wanaume wakiongea kwa nguvu. Akaniuliza hali yangu. Nikamjibu. Akauliza Nashon, nikamjibu. Akauliza Cindy, nikamwambia anafanya mtihani wiki ijayo. Nikauliza ya kwake, yote, na nikangoja kila jibu.

"Tumepata," akasema. "Jana jioni. Iko na mchanga, lakini ni maji."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja. Halafu nikauliza swali ambalo limenikaa kifuani tangu ile wiki nilipogeuza simu kifudifudi. Zile siku nane za kimya changu, kwenye jua lile.

"Mama Allan, zimekufa ngapi?"

Nikakumbuka kwamba ng'ombe hazihesabiwi, nikaona aibu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ziko," akasema.

"Zilizobaki ni ngapi?"

"Mama Cindy. Ziko."

Hataniambia. Hataniambia mwaka huu wala mwingine, na hakuna pengine pa kuitafuta namba hiyo, hata kwenye diski. Nitakaa nayo hivyo hivyo, bila kuijua.

"Ngoja usikie," akasema, na nikasikia anashuka mahali, mawe yanateleza, kisha ameiweka simu chini karibu na kitu. Kwanza upepo tu. Halafu nikazisikia. Zilikuwa zinakunywa. Sauti ndefu ya kuvuta maji, pumzi, kuvuta tena, moja, na pembeni yake nyingine, na nyuma yao nyingine zinagombania nafasi, na mtu anaziambia kitu kwa upole.

Mteja wa mashine namba tatu aliinua mkono, mausi imekufa. Nikamwonyesha kiganja. Angoje. Nilikaa pale simu ikiwa sikioni mpaka ya mwisho iliponyanyua kichwa, na sikuhesabu.